Mzee Nestory Mhoja na Gari la Rangi ya Chungwa

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya malori ya pamba hapa Mkolani, Fundi Mkuu Nestory Mhoja alistaafu rasmi Jumatatu, tarehe 31 Julai 1995. Aliingia kijana wa kuosha vyuma kwa dizeli, ametoka mzee anayeamkiwa shikamoo hata na madereva wenye mvi.

Lori alilitambua kwa mlio kabla halijakata kona. Alikuwa akiniambia niongeze maji ya chai, dereva fulani anafika, na kweli anafika. Alikosea mara moja tu, na siku hiyo madereva walikuwa wamebadilishana malori.

Lakini wengi wetu tutamkumbuka kwa gari moja ambalo halikubeba hata gunia.

Ni Mazda ya mbio, fupi, ya milango miwili, rangi ya chungwa. Mtaalamu wa mbegu za pamba alimwachia Mzee ufunguo alipokwenda likizo kwao, akamwomba amtunzie gari mpaka atakaporudi. Hakurudi. Gari likakaa pembeni ya stoo miaka na miaka. Kuku wakataga chini yake, pamba inayopeperuka msimu wa mavuno ikalala juu ya paa. Hata mimi, tangu nijifungue, nilikuwa namlaza mwanangu kwenye kiti cha nyuma, vioo wazi, upepo wa ziwani ukimbembeleza. Ukichungulia humo ndani ungedhani gari lenyewe ndilo limesinzia.

Mwaka huu karakana ilipata mwenye mali mpya. Meneja aliyeletwa, Bwana Venant, aliagiza uwanja usafishwe: kisichotembea chenyewe kiuzwe kama chuma chakavu. Mzee alikwenda kumwombea lile gari. Akajibiwa kwa heshima kwamba, siku ya kuagwa, likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe litakuwa zawadi yake. Lisipotoka, litakatwa.

Basi akaanza. Injini ya gari hili haina pistoni kama za malori. Ndani kuna kitu cha chuma chenye pembe tatu kinachozunguka tu, kama mtu anayecheza ngoma peke yake, na kilikuwa kimeganda. Mzee alimimina oili kwenye matundu ya plagi, akawa anakizungusha kwa spana taratibu kila saa ya chai. Mwanzoni kiligoma. Asubuhi moja kikalegea, kikageuka chote, naye akasimama na spana mkononi akitazama mbali kama mtu aliyeitwa na ndugu yake. Akasafisha tangi na kabureta. Mpira wa mafuta aliupata Kirumba kwa Owiti, fundi wa injini za boti.

Jumamosi ya mwisho tulikusanyika kulitazama likiwashwa. Sasa, hapa kwetu fundi hawashi gari bila kwanza kukanyaga mafuta, puu, puu, puu. Tuliyazoea hayo kwa malori ya zamani, ni kama kubisha hodi. Mzee akabisha hodi, akapiga stata. Kimya. Akakanyaga tena, akapiga tena, mpaka petroli ikanuka uwanja mzima. Owiti, aliyekuja kuushuhudia mpira wake, akamshauri alipeleke ziwani, litafaa kuwa nanga. Watu walicheka. Mzee hakucheka, akaja kukaa kwangu kwenye chai.

Mwanangu alikuwa amenyonya kupita kiasi, maziwa yakimrudi. Nikamwinua begani nikatulia naye. Mzee akatazama, kisha akaniuliza mbona simpi tena na bado analia. Nikamwambia huyu ameshiba, anataka kupumua.

Aliacha kikombe kimejaa. Alipofungua plagi zilikuwa zinadondosha petroli. Akazianika, akaacha matundu wazi, Jumapili nzima injini ikapigwa na upepo.

Jumatatu lori la vyuma chakavu lilikuwa getini tangu asubuhi. Mzee alirudisha plagi, akaingia, na sote tuliuona mguu wake ukienda wenyewe kwenye pedeli. Akauondoa. Ukarudi. Mwishowe akashuka na kumwita mkewe, Mama Modesta, aliyekuja kwenye sherehe kutoka Butimba na kitenge kipya, na ambaye hajawahi kushika usukani. Akamwita kwa jina la mtoto wao, kama wanavyoitana nyumbani.

"Mama Selina, njoo ukae hapa. Mguu wangu hausikii."

"Baba Selina, mimi nitaweza nini?"

"Usiguse chochote chini. Zungusha ufunguo tu."

Akazungusha. Gari likakohoa, likatetemeka, kisha likaamka. Mlio wake si wa lori. Ni kama nyuki wengi wanaokubaliana jambo. Moshi mweupe ukafunika uwanja, pamba ikapeperuka kutoka paani, tukawa hatuonani, tunasikia tu vicheko. Moshi ulipopungua Mzee alikuwa kwenye usukani, mkewe pembeni yake ameshika mkoba kwa mikono miwili. Bwana Venant aliliambia lile lori lisogee, akafungua geti kwa mkono wake mwenyewe. Wakatoka taratibu, wakashika njia ya Butimba, ile rangi ya chungwa ikipungua kati ya mawe makubwa mpaka ikawa kama kaa la moto.

Siku hizi mwanangu analala kwenye benchi la stoo. Akisikia injini yoyote barabarani hugeuza kichwa.

Mzee Nestory, asante kwa mikono yako, na kwa kutufundisha bila kutugombeza. Wewe na Mama Modesta, tunawatakia asubuhi zinazowaka zenyewe, bila kukanyagiwa mafuta.

Dorotea Antoni, chai na stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wote