Kumuaga Lorna Haapala na Menyu Iliyopaswa Kuwa Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, Bi. Gretchen Vukelich, waheshimiwa wateja wetu wa maktaba, wa zahanati na wa klabu ya mchezo wa barafu, mliokubali kuendesha magari kwenye theluji ya leo, ndugu wa ukoo wa Haapala mlioteremka kutoka Eveleth, ndugu Kirby Lussier, wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana, na wewe Lorna, ambaye itifaki inataka utajwe mapema, nami nimekuweka mwisho kwa makusudi.

Bi. Gretchen alikuja mezani kwangu juzi akaniambia, "Mzee Mbarouk, wewe ndiye uliyekaa naye muda mrefu kuliko sisi sote. Tusemee mazuri yake." Nikamjibu kwamba mazuri yake ndiyo yanayonisumbua. Akacheka, akaenda zake. Basi naanza kwa kuwaambia nyote nilichomwambia yeye: sikuwa natania. Nimekuja kumsifu mtu ninayemwonea wivu, na wivu huo haujapoa hadi dakika hii niliyoshika kipaza sauti.

Wafanyakazi wenzangu mnajua kwa nini mnaniangalia kwa pembeni mchana huu. Wageni hamjui, na si haki mle supu ya watu bila kujua ugomvi wa nyumba. Tangu asubuhi, kwenye skrini ya kila mmoja wetu ofisini, kuna duara dogo la njano. Duara hilo ni badiliko alilolituma Lorna, la mwisho katika kazi yake, nalo linasubiri kupitishwa. Kwetu hakuna msimbo, yale maandishi yanayoendesha tovuti, unaoingia kwenye kazi za wateja mpaka mtu mwingine ausome na kuukubali, hata Bi. Gretchen mwenyewe hana ruhusa ya kujipitishia. Na kila kazi tunayoitumia kwa pamoja ina mlinzi mmoja, ambaye jina lake limeandikwa mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza wa menyu yetu una jina la Lorna. Badiliko la asubuhi linaondoa jina hilo na kuweka la mwenzetu Kirby. Na mtu aliyeombwa alipitishe ni mimi, ambaye kila mtu hapa anajua nilitaka jina hilo liwe langu.

Sijalipitisha. Nasikia kuna watu jikoni wamewekeana dau la keki ya limau.

Sasa mtaniuliza, menyu ni nini hata watu wazima wagombanie? Ni yale maneno machache yaliyo juu ya tovuti: Mwanzo, Huduma, Mawasiliano. Zamani ulipobonyeza mojawapo, kivinjari kilibomoa ukurasa mzima na kujenga mwingine, nembo upya, rangi upya, menyu upya, hata kama kilichobadilika ni aya moja tu. Ukikaa kando ya ziwa hili ambako mtandao wa vijijini unakwenda kama trekta, ulikuwa na muda wa kumimina kahawa. Mimi nilikataa hali hiyo. Nilitengeneza tovuti ya maktaba inayopakiwa mara moja. Baada ya hapo menyu inabaki palepale, na kinachobadilika ni tumbo la ukurasa peke yake. Tena mshale ulipotua tu juu ya neno, kabla hujabonyeza, tovuti ilikuwa imeshaanza kuleta kile ulichokuwa unakaribia kukitaka. Nani hapa alikuwa amefanya hivyo kabla yangu? Hakuna. Watu walibonyeza wakaguna. Nilitembea kwenye ukumbi wa ofisi kama bwana harusi.

Lorna hakuguna. Alinichukua kwa gari lake mpaka maktaba, kwa Bwana Merle Stenhaug, ambaye namwona pale karibu na dirisha. Merle alikuwa fundi wa reli mpaka macho yake yalipozima, na kompyuta yake humsomea kwa sauti kilichomo kwenye skrini. Lorna akamwambia, "Tafuta saa za kufunguliwa."

Merle akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Kimya," akasema.

Nikamwambia, "Bwana, ukurasa umeshafika. Umefika zamani."

"Umefika kwako," akanijibu.

Lorna akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kupiga meza ambacho watu wa Eveleth mnakijua. "Mzee, umejenga treni isiyopiga honi wala kutangaza kituo."

"Treni ya hivyo," Merle akasema, "mimi ningeirudisha karakana, na dereva wake ningemrudisha kwao."

Kosa lile ni la watu wa kazi yetu tu. Kivinjari, kwa uzembe wake wote, kila kilipojenga ukurasa mpya kilikuwa kinaiambia programu ya kusoma: tumefika mahali pengine, anza juu. Mimi nilikinyang'anya kivinjari kazi hiyo ili niifanye haraka, na sehemu ya kusema sikuifanya. Niliondoa ule uchelewaji, nikaondoa pamoja nao habari kwamba kuna jambo limetokea. Hata watu wenye macho, tukaja kugundua, walikuwa wanabonyeza mara mbili, maana mambo yalibadilika upesi mno wasiamini.

Lorna alikaa chini akairekebisha kabla ya chakula cha mchana. Kila ukurasa mpya ulipoingia, sauti ilikwenda kwenye kichwa chake cha habari na kukisoma. Hakuna zaidi ya hapo. Ukiuona msimbo wenyewe utadhani ni kitu cha kujifunzia.

Na hapa ndipo wivu wangu ulipozaliwa, nanyi mnivumilie nieleze vizuri, maana si wivu wa mtu aliyesahihishwa. Nimesahihishwa na wengi na bado nawapenda.

Nilifika mji huu mwezi wa Februari, kijana kutoka Tanga, kwa basi lililotoka kusini usiku kucha. Dereva alisimama, akazima injini, abiria wakashuka bila neno, kama mnavyoshuka ninyi, kila mtu na kofia yake. Hakuna aliyesema hapa ni Duluth. Nje kulikuwa kweupe na kila kituo tulichopita kulikuwa kweupe vilevile. Nikabaki kitini nikingoja tuendelee na safari, mpaka mwanamke wa kufagia akanigusa bega akasema, "We kaka, ndo hapa. Hakuna mbele." Nimeishi nanyi tangu hapo. Nimezika mke hapa, nimepata wajukuu wanaonicheka lafudhi. Na mpaka leo nikilala vibaya najikuta kwenye kiti kile, nimeshafika na sijaambiwa.

Sasa niambieni. Katika ofisi ile, nani alipaswa kujua kwamba mtu anaweza kufikishwa mahali na asijue kuwa amefika? Mimi, au mwanamke aliyezaliwa Eveleth, akasoma Eveleth, na safari yake ndefu katika maisha ni mwendo wa saa moja kuja kufanya kazi nasi? Lile lilikuwa jambo langu. Nililipia kwa ujana wangu. Yeye akaja akaliokota kwa kusikiliza tu, asubuhi moja, mikono ikiwa bado ina harufu ya pilipili manga ya supu aliyokuwa akitupikia ofisini. Hilo ndilo ninalomwonea wivu, Bi. Gretchen. Sijui kama ulitaka niliseme mbele ya wateja.

Halafu hakuishia hapo. Wakati ule kila tovuti tuliyoitengeneza ilikuwa na menyu yake iliyonakiliwa kutoka kwa nyingine. Zahanati ikitaka kuongeza neno, tunaongeza. Klabu ikiona nzuri, tunakwenda kuongeza na kule. Na kosa likipatikana mahali pamoja, linabaki hai kwingine kote. Lorna akaitoa menyu nje ya tovuti, akaifanya kitu kinachojitegemea, unakiita popote na kinakuja kikiwa kimekamilika: unakipa maneno yako na rangi zako, chenyewe kinajua kufunguka kwenye simu, kujikunja, kutangaza, kurudi nyuma bila kupotea. Ukirekebisha mahali pamoja, kote kumepona. Na ndani yake, ndugu zangu, kwenye moyo wake kabisa, kuna kasi yangu. Ule mshale unaotua na kazi ikaanza kabla hujabonyeza, ni wangu. Hakuufuta. Angeufuta ningepata mahali pa kumchukia kwa raha.

Lakini mnaiitaje? Wateja mkipiga simu mnasema, "Tuwekeeni ile ya Lorna." Mkurugenzi wa zahanati, uko pale, ulisema hivyo mwezi uliopita nami nikiwa kwenye simu. Nikakujibu, "Sawa, tutaiweka," na nikaiweka. Je, mmewahi hata siku moja kusema, tuwekeeni ile kasi ya Mbarouk? Hamjasema. Nisingekuwa na shida mngesema hata kwa makosa.

Jana, Lorna alipotuambia atakachotuma leo, nilimfuata kwenye mashine ya kahawa. Nikamuuliza waziwazi, jambo ambalo watu wa hapa hamlifanyi. Ninyi kipande cha mwisho cha keki mnakikata nusu, na nusu mnaikata nusu, mpaka kinabaki chembe, kuliko mtu kusema anakitaka. Mimi nilisema nakitaka.

"Kwa nini si mimi?"

Akaendelea kukoroga. "Kwa sababu Kirby ataitunza."

"Na mimi ningefanya nini?"

"Wewe ungeirudisha kuwa yako." Akaniangalia. "Wewe mzee unaipenda kama mtu aliyenyang'anywa. Mtu wa hivyo hamruhusu mwingine aiguse. Kirby akiambiwa amekosea, anasema asante, anakwenda kurekebisha."

"Na kwa nini basi nilipitishe mimi? Mpe Gretchen."

"Gretchen atapitisha bila kusoma. Wewe utasoma kila herufi ukitafuta pa kuning'ata."

Ndugu wa Haapala, mlimlea vizuri. Ana adabu zote isipokuwa ya kudanganya.

Basi asubuhi nilisoma kila herufi. Nilitafuta kwa roho mbaya kabisa, na nawaambia vijana wa kazi hii kwamba roho mbaya inasoma kwa makini kuliko urafiki. Nikapata. Kirby, aliyeliandaa badiliko hilo pamoja na Lorna, alikuwa amefanya usafi kidogo juu ya kubadilisha jina, na katika usafi huo menyu ikifungwa kwa kibodi ilikuwa inampeleka mtu juu kabisa ya ukurasa badala ya kumrudisha kwenye kitufe alichokuwa amekifungua. Mwenye macho haoni tofauti. Merle angejikuta ametupwa mlangoni kila anapofunga dirisha. Niliandika maoni yangu, marefu kuliko ilivyohitajika, na nikaongeza sentensi moja isiyo ya lazima kuhusu watu wanaopewa vitu kabla hawajaiva.

Kirby akaandika, "Asante, Mzee. Kweli kabisa. Narekebisha." Akarekebisha.

Chini yake Lorna akaandika, "Endelea kutafuta."

Nikaendelea. Nimetafuta mpaka mlipoanza kupanga viti humu ndani. Hakuna kitu, ndugu zangu. Ni safi. Tangu hapo duara limekaa njano bila sababu yoyote inayoweza kuandikwa.

Nimewaza kwenye kiti kile pale mbele, wakati Bi. Gretchen akizungumza, kwa nini kidole changu hakitaki. Nilidhani ni kwa ajili ya jina la Kirby. Kirby, nakuomba radhi, si wewe. Jina lako halinifanyi lolote. Ni mstari unaotoka. Miaka yote hii kila nilipofungua kazi ile asubuhi, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa jina la Lorna, na nilianza siku nikiwa na hasira, na kwa hasira ile nilifanya kazi bora niliyopata kuifanya maishani. Nilitaka litoke. Nilikuwa na mipango ya siku litakapotoka. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa kulitoa ningekuwa mimi.

Lorna, usiniangalie hivyo. Nimeshaitoa simu mfukoni, kama mnavyoona. Duara hili hapa. Nasoma kwa mara ya mwisho: toa Haapala, weka Lussier.

Nimebonyeza.

Naam, nasikia simu zenu zinatetemeka mifukoni. Limepita: duara ni kijani kwangu, na nadhani kwenu pia. Waliocheza dau wakalipane keki huko nyuma wasinisumbue.

Merle, kwa kuwa yako haikutetemeka, nakuambia kwa mdomo wangu: jina la Lorna limetoka kwenye mstari wa kwanza. Kirby ndiye mlinzi sasa. Kirby, nitakuonea wivu, nakuahidi, kwa sababu sijui namna nyingine ya kusoma kazi ya mtu. Lakini unipe muda, leo nimechoka.

Na wewe mwanamke wa Eveleth, nenda kapumzike. Jumatatu nitafungua kazi, nitaona jina lisilo lako, na sitakuwa na wa kumkasirikia mpaka saa nne, Kirby atakapotuma kazi yake ya kwanza. Sijui utanilipa vipi kwa hilo.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wageni wetu, wenzangu wote: mmenisikiliza bila kuangalia saa, na kwa mzee mwenye kinyongo hiyo ni heshima kubwa. Ahsanteni sana.