Zamu ya Tisa ya Evenor Baltodano

Marehemu baba yetu, Evenor Baltodano Cruz, ambaye mji wetu mzima wa Jinotepe ulimwita Miguu, alizaliwa hapa hapa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa nne wa Don Teódulo Baltodano na Doña Petrona Cruz. Bibi Petrona alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakumpumzisha mtu. Naomba mnivumilie nikisoma haraka. Mimi ni Yadira, bintiye, na tabia ya kushindwa kutulia nimeirithi kwake.

Najua mlichokuwa mkinong'ona jana kwenye mkesha, kati ya kahawa na karata. Kila mtu wa besiboli katika mji huu, kabla ya kuzikwa, jeneza lake hupelekwa uwanjani likazungushwa vituo vyote vinne ambavyo wachezaji huvikimbilia. Lakini ratiba mliyoishika inasema tutatoka hapa kanisani moja kwa moja hadi makaburini. Mama ndiye aliyekataa. Nitalifikia jambo hilo.

Marehemu alisoma shule ya msingi mjini hapa hadi darasa la sita, mwaka 1961. Hesabu za sehemu hazikumwingia hata kidogo mpaka mwalimu wake alipomuuliza mpigaji aliyepiga vizuri mara saba katika mara kumi na nane ana wastani gani. Alijibu papo hapo, kisha akaruka nje kupitia dirishani, maana timu ilikuwa mazoezini.

Mwaka 1962 alipelekwa kwa mjomba wake Masaya kujifunza ushonaji wa ngozi, na mwaka 1970 akafungua karakana yake hapa. Karakana hiyo ilimwona mara chache. Kazi aliyoipenda ilikuwa kutengeneza glavu za wachezaji, na glavu ziko viwanjani, kwa hiyo alitia sindano na nyuzi mfukoni akaondoka. León, Chinandega, Estelí, Rivas, hata Bluefields kwenye mvua isiyokatika. Alivipenda viwanja pamoja na kasoro zake, kama mtu anavyowapenda jamaa zake. Kimoja jua la alasiri lilimpofusha mlinzi wa kulia. Kingine, huko Boaco, ng'ombe walilala karibu na uzio, na mpira ukiangukia kwao mchezo ulisimama hadi mwenye ng'ombe aitwe. Ukimwambia uwanja fulani ni mbovu alikasirika. Alisema kama kuna nyasi na watu wanabishana, huo ni uwanja.

Na bado, katika maisha yake yote ya utu uzima, hakuwahi kuona mwisho wa mchezo wa timu yetu. Mwaka 1966 alikaa kitako hadi mpira wa mwisho katika michezo mitatu mfululizo, na yote mitatu tulishindwa. Akaamini ana nuksi. Tangu hapo, zamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, ikianza tu aliinuka, akatoka nje ya lango na kuuzunguka ukuta wa uwanja kwa miguu, akisikiliza kelele, mpaka mchezo uishe. Wanawake wanaouza vigorón, muhogo wa kabichi na nyama, pale langoni walimhesabia mizunguko. Don Catarino Potosme, mwandika alama wetu na rafiki yake wa tangu utotoni, hakuacha kumtania.

"Wewe Miguu, unakata tiketi uje kutazama matofali?"

"Nakata ili ninyi mwone ushindi, bwege wewe," baba alimjibu, huku keshashika njia.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 1975, alifunga ndoa na Adilia Umaña. Mama alijua anaolewa na mtu wa aina gani, ila hakujua kwa kiasi gani. Mimi nilipozaliwa, tarehe 2 Desemba 1977, baba alikuwa Chinandega. Alirudi siku ya tatu, vumbi hadi kwenye nyusi, na glavu ndogo sana aliyonishonea ndani ya basi. Mama alimwambia, "Mtoto ana siku tatu na wewe una njaa. Kula kwanza, halafu nitakasirika." Alikasirika miaka mingi. Aliapa hatakanyaga uwanja wowote, na hajakanyaga hadi leo. Nasi watoto tulimngoja sana baba. Sitaficha: kuna Jumapili nyingi nilimchukia.

Ugonjwa wa kisukari ulimpata mwaka 2009, na mwaka 2021 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Akabaki na kiti cha magurudumu na redio, tukadhani sasa atatulia. Wapi! Zamu ya tisa ikianza alihangaika kitini, anashika magurudumu, mikono haina nguvu. Basi mama, ambaye hakujua hata timu ina wachezaji wangapi, alikuja, akashika kiti na kumsukuma kuizunguka nyumba. Uani, banda la kuku, barazani, uani tena, mpaka redio itangaze mwisho. Alifanya hivyo misimu mitatu. Majirani walicheka, kisha timu ikaanza kushinda nao wakanyamaza.

Jumapili, tarehe 21 Januari mwaka huu wa 2024, tulicheza fainali na Diriamba. Zamu ya tisa tulikuwa mbele kwa pointi moja, na alibaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa. Mama alikuwa akisukuma. Walipofika kwenye dirisha la jikoni, redio ilipokuwa, akasimama. Miaka arobaini na tisa alikuwa ameishi na kitu hiki, akataka mara moja tu kusikia kinaishaje. Mpigaji wa Diriamba akaupeleka mpira nje ya uzio, mwenzake akiwa kituoni, wakapata pointi mbili, na tukashindwa. Baba alitamka maneno mawili: "Adilia, umesimama." Siku hiyo hakusema tena.

Wiki iliyofuata sukari ilipanda akalazwa. Alifariki jana, Jumatatu tarehe 12 Februari, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka sabini na mitano. Ameacha mjane, Doña Adilia, watoto wawili, yaani Osmar, aliyefika alfajiri ya leo kwa basi kutoka Heredia, na mimi, wajukuu watano, dada yake Socorro, Don Catarino, na glavu kumi na moja karakanani ambazo wenyewe waje wazichukue.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi zenu. Nimeyaandika kwa mkono saa kumi na mbili asubuhi hii, jikoni. Nilimuuliza mama tena kuhusu uwanja. Jana alikuwa amejibu kwamba uwanja umekwisha kumfaidi vya kutosha. Leo alilia.

"Nilisimama, mwanangu," alisema. "Nikiingia pale, kila mtu atamwona mwanamke aliyesimama."

Wiki tatu alikuwa amebeba hayo peke yake. Nikamweleza jambo ambalo nami nilikuwa nimelinyamazia. Mchana mmoja wodini, mama alipokwenda kununua dawa, baba aliniambia, "Mama yako ameusikia mwisho. Mimi miaka hamsini na minane nasikiliza ukuta. Nataka kumuuliza ulikuwaje, lakini nilimnunia, sasa naona haya." Nilidhani atamuuliza mwenyewe. Hakumuuliza.

Mama akauliza watu huingilia lango lipi.

Kwa hiyo ratiba imebadilika. Tukitoka hapa tunakwenda uwanjani, lango la magharibi. Desturi ni wabebaji kutua kidogo kwenye kila kituo, lakini leo mjane ameagiza vingine, na nasoma maneno yake kama alivyoyasema: "Wamzungushe, wasisimame popote. Mimi nitakaa kwenye benchi nitazame mpaka mwisho. Nikifika kwake nitamsimulia."

Mungu ampokee baba yetu kwa amani, na asimlazimishe kukaa.