Risala ya Wakazi wa Muus-Kyuel Kuhusu Pampu ya Pili

Mgeni rasmi, Ndugu Arkadi Semyonovich, Mkuu wa Idara ya Joto ya Wilaya, dereva wako, Ndugu Kostya, wazee wetu, na nyote mliobahatika kupata ukuta wa kuegemea karibu na tanuri:

KARIBU, KWA MARA YA PILI

Tulikukaribisha jana mchana kwa dakika ishirini. Leo tunakukaribisha kwa muda usiojulikana, na furaha yetu imeongezeka kwa kiasi hicho hicho.

Risala hii ilikuwa isomwe ukumbini. Ukumbi umeganda tangu Novemba, kwa hiyo tumekuleta hapa kwenye nyumba ya boila, chumba pekee kijijini ambamo mtu anaweza kuvua kofia ili kukupa heshima. Anayekupungia mkono mmoja pale kwenye pampu ni Mzee Byotur, mchochea moto wetu kwa miaka thelathini na moja. Mkono wake wa pili tutaueleza baadaye.

HISTORIA FUPI

Babu zetu walikaa bonde hili kwa sababu ya farasi, nyasi na samaki wa ziwani. Kila familia ilikuwa na moto wake. Kisha serikali ikatujengea boila moja, ikapitisha mabomba ya maji moto juu ya nguzo hadi kila nyumba, na kutupa pampu mbili za kuyasukuma: moja ya kazi, moja ya akiba. Tulishukuru, tukabomoa majiko yetu ya zamani.

Pampu ya akiba ilichukuliwa miaka sita iliyopita kwenda kutengenezwa. Bado inatengenezwa. Tunawaombea afya njema mafundi.

MAFANIKIO

Kwanza, shule yetu haijafungwa hata siku moja kwa miaka minne. Kanuni inasema watoto wabaki nyumbani baridi ikizidi nyuzi hamsini na tano chini ya sifuri. Tangu ofisi yako ilipotuletea kipimajoto rasmi chenye lakiri, baridi yetu haijawahi kuzidi thelathini na tisa. Watoto huja shuleni kope zikiwa zimeshikana, wakiongozana kwa kushikana mikanda.

Pili, tuna ushirikiano mzuri na sekta binafsi. Beringi ya pampu ilipokufa mwaka juzi, Mama Suoppuya alitoa mashine yake ya kufulia, Mzee Byotur akachomoa beringi yake na kuichonga hadi ikaingia. Mama Suoppuya sasa anafua kwa mikono, na kila Jumamosi huja hapa kuisalimia mashine yake.

Tatu, ng'ombe wote wamevalishwa vifuniko vya manyoya ya sungura kwenye viwele. Katika kijiji hiki, ng'ombe ndio waliojiandaa vizuri zaidi.

Nne, tulitunukiwa na ofisi yako cheti cha Kijiji chenye Hali ya Hewa Tulivu. Unakiona pale ukutani. Kinaziba ufa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kipimajoto mlichotuletea ni cha zebaki. Zebaki huganda ikifika thelathini na tisa chini ya sifuri. Ikishaganda, haishuki tena. Inasimama hapo hapo, kama mtu aliyekwisha kusema neno lake la mwisho.

Mama Suoppuya ndiye mwandishi wetu wa hali ya hewa. Kila asubuhi Mzee Byotur humuuliza kutoka mlangoni:

"Suoppuya, leo ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Na jana?"

"Thelathini na tisa. Hata siku nitakayokufa kwa baridi, baba, andikeni thelathini na tisa, msije mkamuudhi mtu wilayani."

Nje ya dirisha lake kuna kipimajoto cha pili, cha shule, cha spiriti isiyoganda. Hicho kimewahi kufika sitini. Lakini hakina lakiri, na barua yako ya tarehe nne Machi ilieleza wazi kwamba chombo kisicho na lakiri hakitambuliki.

Tulipoomba pampu ya akiba kwa mara ya tano, tulijibiwa kwamba pampu hupewa vijiji ambavyo baridi yake inazidi hamsini. Barua ilimalizia hivi: "Kwa takwimu zenu, hali yenu si ya dharura, tena ni thabiti kupita vijiji vyote. Hongereni."

Hatukukasirika. Tunaamini ofisini kwako hakuna mtu mbaya. Kuna watu wenye joto tu, na mtu mwenye joto si rahisi kumweleza.

NYONGEZA, IMEANDIKWA LEO ASUBUHI KWA PENSELI

Jana Ndugu Kostya alipoegesha gari, Mzee Byotur alimfuata mbio.

"Mwanangu, usizime hiyo!"

"Mzee, kuna waraka. Gari la idara lisiungurume limesimama zaidi ya dakika tano. Kubana matumizi."

"Nani kauandika?"

"Bosi."

"Bosi ana mpango wa kulala kwake leo?"

"Ndiyo."

"Basi usizime."

Ndugu Kostya ni mtumishi mtiifu. Alizima. Dakika zako ishirini zikawa saa mbili kwa sababu ya samaki mbichi aliyeganda, tunayemla kwa vipande vyembamba, ambaye uliomba uongezewe, na tulifurahi. Ulipotoka, oili ilikuwa imeshakuwa gundi. Tangu hapo gari limefunikwa mablanketi, na chini yake kuna karai la makaa ambalo Kostya analipulizia kwa majuto.

Leo asubuhi tulikuona umesimama mbele ya kipimajoto rasmi. Ulisimama muda mrefu. Kope zako ziliota barafu. Ukamuuliza Mama Suoppuya:

"Hiki kimeharibika?"

"Hapana, mwanangu. Kimeganda tu. Tutakaoharibika ni sisi."

Ukaenda kukitazama kile cha shule. Hamsini na saba. Ulirudi kwa hatua za haraka kuliko ulizoendea. Nasi tukasema: mwaka huu, huenda.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi tisa. Usiku uliolala kwetu umetufundisha kufupisha. Tunaomba pampu ya pili.

Ile ya kwanza imeanza kulia tangu alfajiri. Beringi ya mashine ya kufulia imechoka, ekseli inacheza, na Mzee Byotur ameikandamiza kwa mti alioushika kwa ule mkono wake wa pili. Akiuachia, maji yatasimama. Maji yakisimama kwa saa mbili, mabomba yatapasuka kutoka hapa hadi shuleni, na hatutakuwa na majiko ya kurudia, maana tuliyabomoa kwa shukrani. Ghalani kwako, Kostya ametuambia bila kulazimishwa, zipo pampu nne, zote na lakiri zake.

Fomu iko juu ya sanduku la makaa. Kalamu za wino huganda, kwa hiyo tumekuwekea penseli, nayo tumeipasha moto. Simu ya redio iko mezani, na mtunza ghala anasubiri upande wa pili. Helikopta ya barua inaondoka wilayani saa nane. Inaweza kuleta pampu, na ikirudi ikuchukue wewe.

HITIMISHO

Kabla hujaja hapa asubuhi hii, Mama Suoppuya aliutupia moto wa tanuri kipande cha chapati yenye siagi, kama tufanyavyo kwa mgeni tunayemtakia safari njema, akakutaja kwa jina. Moto uliipokea vizuri. Barabara yako iwe na mwanga, nyumba yako isikose mvuke dirishani, na injini yako iwake.

Tutapiga makofi sasa. Mzee Byotur hatapiga. Tunakuomba usidhani ni utovu wa adabu, anasubiri usaini.

Ni sisi, wakazi wa Muus-Kyuel, nyuzi hamsini na saba chini ya sifuri.