Dada Yetu Mshonaji na Sanamu ya Kidole

Ndugu, majirani, wateja wake wa siku nyingi, na ninyi wa halmashauri mliojikalisha viti vya mbele bila kualikwa: mimi ni mdogo wake marehemu, na wasifu huu nimeuandika mwenyewe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili, miaka saba kabla ya vita, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mama aliyekuwa akifulia watu nguo. Masomo yake yalikatika akiwa darasa la pili. Siku hiyo alikuwa na baba kwenye foleni ya mkate. Mkalimani wa jeshi lililotuvamia alipita na askari, akanyoosha kidole: huyu, huyu, na yule. Yule alikuwa baba. Baba akamkabidhi dada kikapu na kumwambia, "Shika nafasi, narudi." Hakurudi. Mimi nilikuwa bado tumboni. Tangu hapo mji mzima ulimwita mkalimani yule Kidole.

Marehemu alifundishwa cherehani na shangazi, akafungua duka lake pale kwenye mzunguko wa barabara. Nusu ya suti ninazoziona hapa alizishona yeye. Suruali ikikubana hakukubembeleza: "Kitambaa hakijasinyaa, baba. Punguza kula." Tarehe 12 Agosti, mwaka wa tatu wa duka, alifunga ndoa na dereva wa lori, marehemu shemeji yangu, mtu mpole aliyekuwa akileta kila wiki koti lisilo na kasoro yoyote ili lirekebishwe. Dada alilipokea, akalipiga pasi, akalirudisha, mpaka mwanaume akapata ujasiri wa kusema kilichomleta.

Kidole hakuguswa na mtu. Vita vilipoisha aligeuka mfanyabiashara, akagawa madawati, akafia kitandani kwake ameshiba. Miaka sita iliyopita halmashauri ikamsimamishia sanamu ya shaba, mkono umenyooka, kidole mbele. Eti anaonyesha maendeleo! Anachoonyesha ni mlango wa duka la dada. Si la kusemwa mbele ya jeneza, lakini nalisema.

Wakampa dada kazi ya kushona kitambaa cha kuifunika sanamu kabla ya uzinduzi, kwa kuwa bendera zao zote alizishona yeye. Tulishangaa alipokubali. Siku moja kabla ya sherehe alikwenda kuivisha, na sindano ya magunia na uzi uliopakwa nta, akashona pindo la chini kuzunguka vifundo vya miguu, akarudia na kurudia. Kesho yake bendi ikapiga, mgeni rasmi akavuta kamba. Kitambaa kikagoma. Akavuta tena, kofia ikamdondoka. Ikabidi waitwe zimamoto na visu. Afisa utamaduni akaja dukani mbio: "Mama, umetufanyia nini?" Dada hakuinua hata macho. "Niliambiwa nimvishe. Kumvua sikuambiwa." Vile vipande alivikusanya, akapigia deki duka mpaka vikaisha.

Novemba iliyopita figo zilianza kumsumbua. Wakamfuata hadi wodini na wazo jipya: jina la baba lichongwe miguuni pa Kidole, pamoja na majina ya wengine aliowanyooshea kidole, kwa ajili ya maridhiano. Kilichobaki ni ruhusa ya familia tu. Dada, na mpira wa oksijeni puani, akamjibu afisa: "Mwanangu, baba yangu hamtamweka chini ya miguu ya yule mtu. Na nikifa msimwendee mdogo wangu. Huyo ana mdomo kuliko mimi." Alifariki Jumanne tarehe 4 Machi, asubuhi, binti yake mkubwa amemshika mkono.

Jumatano walikuja kwangu na shada la maua na ombi lilelile. Jumatano, mwili ukiwa bado mochwari! Watu hawa hawana haya. Shada lenu liko pale langoni, nendeni nalo.

Marehemu ameacha mabinti wawili, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, na cherehani ambayo bado inafanya kazi. Ruhusa hakumwachia mtu.

Dada, nafasi ya baba umeishika vya kutosha. Pumzika sasa kwa amani. Foleni nimebaki nayo mimi.