Peponi kwa Mama Mvuke

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa hospitali yetu, Daktari Mkuu, Muuguzi Mkuu pamoja na wauguzi mliopokezana zamu ili kila mmoja apate walau nusu ya sherehe, watoto, wakwe na wajukuu wa Mama Mvuke, wafanyakazi wenzangu wa chumba cha kufulia, ambao leo ndiyo mara ya kwanza nawaona mmevaa nguo kavu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Na wewe Mama Mvuke, uliyewekewa kiti cha mbele ukakikalia nusu kama mtu anayesubiri kuitwa, shikamoo.

Kabla sijaenda mbali naomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza, watoto wanaolia pale nyuma ni wangu, wote wawili. Ni mapacha, wana miezi kumi na moja, na aliyewabeba ni Mzee wa Toroli, anayesambaza mashuka wodini. Msimsaidie. Amezoea mizigo yenye kelele.

La pili ni kitambaa kile ukutani. Mshonaji wetu, ambaye hakuna shuka lililochanika katika hospitali hii asilolijua, alikaa nacho wiki mbili akikitarizi kwa uzi wa buluu, herufi moja moja: PUMZIKA KWA AMANI, MAMA YETU. Nia yake ilikuwa njema. Mama amefanya kazi miaka thelathini na minne, na leo anastaafu. Sasa si apumzike? Na akipumzika, si iwe kwa amani? Tulikipokea, tukakipiga pasi, tukakitundika, tukarudi nyuma hatua tatu tukakisifu. Hakuna aliyeshtuka, mpaka leo asubuhi alipoingia karani wa utawala, akasoma, akavua kofia na kuuliza kwa sauti ya chini, "Amefariki saa ngapi?"

Mshonaji alitaka kupanda meza akakitoe. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemshika sketi. "Kiache," alisema. "Wenzangu wote husomewa hayo wakiwa hawasikii. Mimi nimebahatika."

Basi, kwa kuwa tumekwisha kumfikisha mwenzetu ahera kwa uzi na sindano, mimi nami nitazungumzia huko huko. Nitawaeleza Mama Mvuke anataka peponi kwake kuweje. Na nikimaliza, nitaijibu barua ya Mheshimiwa Mkurugenzi.

Wenzangu mnaijua barua hiyo. Kwa wasioijua: niliandikiwa kuombwa nishike nafasi ya Mama Mvuke, niwe msimamizi wa chumba cha kufulia. Niliisoma aya ya kwanza nikamshukuru Mungu. Aya ya pili ilisema kwamba benchi lililoko nyuma ya kabati la mablanketi litaondolewa, kwa sababu watumishi hawaruhusiwi kujilaza saa za kazi. Nilipewa hadi leo kujibu, na sijajibu. Nitajibu kabla sijashuka hapa.

Ndugu wageni waalikwa, wengi wenu hamjawahi kufika chumbani kwetu, na siwalaumu, maana kuna joto, kuna mvuke, na mlango wake uko nyuma ya jengo karibu na mapipa. Lakini nataka mjue mnakula leo na watu wa namna gani. Je, yuko mtoto aliyezaliwa hospitali hii ambaye hakupokewa na shuka letu? Je, yuko aliyetutoka humu ambaye hakufunikwa na shuka letu? Daktari hamwoni kila mtu. Mhasibu hamwoni kila mtu. Sisi hatumwoni hata mmoja, lakini hakuna anayepita bila kuguswa na kazi yetu, akiingia duniani au akitoka. Nasema hivyo kwa kujivuna, na sitaomba radhi ya tatu.

Na aliyetufundisha kujivuna ni huyu. Nilipoajiriwa sikujua kitu. Nililiona shuka la chumba cha upasuaji lina damu, nikakimbilia maji ya moto. Alinidaka mkono. "Damu unaipika?" aliniuliza. "Moto utaifanya ing'ang'anie. Damu ni kama mtu mwenye hasira, binti yangu. Ianzie na maji baridi." Tangu siku hiyo nimeitumia elimu hiyo kwa mashuka, kwa mume wangu, na kwa mama mkwe wangu, ambaye yuko hapa na anacheka, kwa hiyo mambo si mabaya.

Sasa, kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili. Mnashika pembe, mnavuta, mnakaribiana, pembe zinakutana, mnaachana tena. Ukifanya hivyo mara mia mbili kwa siku na mtu yule yule, maneno ya kawaida yanaisha. Ndipo tukaanzisha mchezo wetu. Mmoja anauliza, "Peponi kwako kukoje?" na mwenzake lazima ajibu kabla pembe hazijakutana.

Mzee wa Toroli alisema kwake sakafu zote ni mteremko. Tukamwambia, "Sawa, kwenda mteremko. Na kurudi je?" Akasema, "Na kurudi mteremko! Sasa ingekuwa pepo gani?" Mshonaji akasema kwake sindano inajitunga uzi yenyewe. Muuguzi Mkuu siku moja alikuja kudai foronya, tukamkamata naye. Akafikiri kidogo, akasema, "Hakuna kengele," akaondoka na foronya zake. Mimi nilisema kwangu ni chumba chenye kitanda kimoja, mlango una komeo, na hata malaika asigonge. Wakaniuliza, "Na mapacha?" Nikasema mapacha wako kwa bibi yao.

Mama Mvuke hakujibu hata siku moja. Tukimwuliza, alikuwa anasema, "Kunjeni."

Alijibu mara moja tu, nami ndiye niliyesikia. Ilikuwa wiki ya pili tangu nirudi kutoka likizo ya uzazi. Sitawachosha na habari za wiki ile. Mwenye mtoto anajua, na mwenye wawili anajua mara mbili. Nilipakia mashuka meupe ya wodi ya wanaume kwenye mashine namba mbili, na pamoja nayo, kwa macho yangu mawili yaliyo wazi lakini hayaoni, nikatia blanketi jekundu. Yalitoka ya rangi ya waridi, yote arobaini. Na kwa kuwa wodi haikuwa na mengine, wanaume wale walilala juu ya waridi siku tatu. Mzee mmoja aliyevunjika mguu alimwita muuguzi akamwuliza, "Binti, hapa nimelazwa au nimeolewa?"

Mnacheka sasa. Siku ile hakuna aliyecheka. Ofisi ilishuka kuuliza, "Nani amefanya hivi?"

Mama Mvuke akajibu, "Chumba cha kufulia."

"Tunataka jina."

"Ndilo jina. Chumba cha kufulia."

Walipoondoka, alinigeukia. Nilikuwa nimesimama na shuka mkononi, linachuruzika maji ya waridi hadi kwenye viatu, nikingoja nisemwe mpaka nikome. Nikasema neno moja tu, wala sikulipanga: "Mama, nimechoka."

Aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne asubuhi. "Nyuma ya kabati la mablanketi kuna benchi," alisema. "Nenda."

Nikaanza kujieleza kwamba watoto wana homa, baba yao yuko safarini, mmoja hanyonyi. Akaniwekea kidole mdomoni, kidole chenye ladha ya sabuni. "Sijakuuliza," alisema.

Ndugu zangu, nililala mpaka saa saba. Nilipoamka, zamu yangu ilikuwa imefanywa yote, na Mama Mvuke alikuwa anakunja shuka la watu wawili peke yake, amelibana katikati kwa kidevu. Niliona aibu. Nikashika pembe za upande wa pili, nikamwuliza, "Mama, mbona hukutaka kujua?"

Akasema, "Si kila siku mnaniuliza peponi kwangu kukoje? Kuko hivyo. Mtu akisema amechoka, haulizwi amefanya nini. Basi. Mito ya maziwa na asali nawaachieni nyinyi. Mimi vitu vya majimaji nimeviona vya kutosha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Pembe zikakutana, akaendelea kusema huku anaangalia shuka, hanitazami: "Mama yangu alilitamka neno hilo siku moja. Alitua ndoo mlangoni, akasema, wanangu, leo nimechoka. Tulikuwa saba, mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye niliyemjibu. Nikamwambia, umefanya nini cha kukuchosha? Akatabasamu, akaingia jikoni. Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, wala sikumsikia akilitamka tena."

Tulikunja mashuka mawili matatu. Kisha akasema, "Nikifika huko nitamtafuta yeye kwanza. Sina mengi ya kumwambia. Nitamwambia, Mama, liseme tena."

Watoto wa Mama Mvuke, mmeinamisha vichwa. Sikuyasema haya ili kuwaliza. Nimeyasema ili mjue mama yenu ni mtu wa aina gani. Wengi wetu tukiiwaza pepo, tunaiwaza kama mahali pa kupewa. Yeye aliiwaza kama mahali pa kumpa mtu kitu alichomnyima. Na hakuweza kungoja afike. Alichukua mbao za vitanda vilivyotupwa, akamwomba fundi apige misumari, akaweka benchi nyuma ya kabati, akalitandika blanketi lililokunjwa mara nne. Hiyo ni miaka kumi na minane iliyopita. Hakubandika tangazo. Hakuomba kibali, na hapo, Mheshimiwa, nakiri alikosea.

Ni nani waliolala pale? Sitataja mtu. Ni wanawake wenye mimba, ni wanaume waliotoka kuzika, ni mtumishi aliyepewa talaka asubuhi akaja kazini mchana. Kuna hata daktari mmoja, ambaye naye sitamtaja, ila aache kutazama viatu vyake.

Na sasa nawauliza, katika miaka hiyo kumi na minane, ni lini chumba cha upasuaji kilisubiri shuka? Ni wodi gani ililaza mgonjwa kwenye godoro tupu? Ukiondoa zile siku tatu za waridi, ambazo ni zangu, mtu anyooshe kidole aseme ni lini tulikwama. Nangoja. Hayupo. Kwa sababu aliyepumzishwa bila kusimangwa hurudi kazini mwenyewe, tena huyo humkimbilia mwenzake kabla hajaitwa. Lile benchi halikutuibia saa za kazi, Mheshimiwa. Hapo ndipo saa za kazi zilipokuwa zinashonwa zilipochanika.

Mimi si mtu wa dini sana kuweza kuwaeleza ahera ilivyo. Waliokwenda hawajarudi kutuhadithia. Lakini pepo moja naijua vipimo vyake. Urefu wake ni hatua mbili na nusu, inanukia mablanketi safi, na ukiilalia inalia kidogo upande wa miguu. Nimeilalia. Nikasimama nikiwa mtu tena.

Mheshimiwa Mkurugenzi, hili ndilo jibu langu, nalitoa kwa heshima zote, mbele ya mashahidi. Benchi likibaki, nafasi hiyo naichukua, nitaishika kwa mikono miwili, na hutasikia shuka limechelewa. Benchi likiondoka, nitaendelea kufua kama ninavyofua sasa, kwa bidii ile ile, bila kinyongo, lakini umtafute msimamizi mwingine. Siwezi kushika funguo za chumba cha Mama Mvuke halafu kazi yangu ya kwanza iwe kumwuliza mtu aliyechoka amefanya nini.

Sina haraka. Watoto wamenyamaza.

Naona umetikisa kichwa kukubali, Mheshimiwa. Naomba radhi, lakini kichwa hakiandikwi kwenye faili. Kipaza sauti hiki hapa, naomba mtu ampelekee.

Asante. Asante sana, Mheshimiwa. Ndugu zangu, mmesikia kwa masikio yenu: "Libaki." Karani wa utawala, vaa kofia yako uandike.

Jibu langu ni ndiyo.

Jamani, kaeni. Kaa, Mshonaji, utaangusha meza. Bado neno moja, nalo ni lako, Mama Mvuke.

Najua Jumatatu utakuja. Usinikatalie, najua. Utasema umepita tu kutusalimu, halafu tutakukuta umeshika pembe za shuka. Mimi sasa ndiye msimamizi, nimekuwa msimamizi kwa dakika nzima, na nakuagiza hivi: ukija, pitia mlango wa mbele kama mgeni, ukae. Miaka thelathini na minne umeamka kabla ya jua, umetusikia sote tukilisema lile neno, vijana kwa wazee, na hakuna hata mmoja wetu humu ndani aliyewahi kulisikia kwako. Tuliulizana juzi, tukahesabiana. Hakuna. Liseme, Mama. Liseme leo, au kesho, au hiyo Jumatatu, kwa wakati wako. Hatutakuuliza kitu. Tutasogea tu, tukupishe.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.