Siwema na Kaburi Nililoliacha Limefungwa

Bwana Yesu asifiwe! Na nyie mliokaa kule nyuma karibu na spika mbovu, kwenu pia asifiwe!

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Upendo, binti wa yule mama anayeuza mboga za milimani hapa Mwembesongo. Nafundisha watoto Shule ya Jumapili tangu nilipomaliza kidato cha nne. Leo nimesimama na daftari langu mkononi kwa sababu huwa naandika kila siku yaliyonipata, na sitaki kupamba kitu. Nikipamba, daftari litaniumbua.

Wapo waliosimama hapa wakasema Mungu amewatoa kwenye pombe. Wengine amewatoa kwenye ugonjwa. Mimi amenitoa kwenye haraka. Jamani, msicheke! Haraka ni kifungo. Mama yangu ni shahidi: mimi ndiye ninayefunua sufuria kila dakika, wali unatoka na kiini, halafu nalaumu mchele.

Nilipoanza kufundisha, nilikuta walimu wanakutana mlangoni Jumapili asubuhi na kuulizana, "Leo tunafundisha nini?" Jibu lilikuwa Nuhu. Wiki inayofuata Daudi na Goliathi. Halafu Nuhu tena. Kuna siku nilifungua mdomo tu, mtoto mmoja akamalizia hadithi yote mpaka upinde wa mvua, akauliza kama tunaweza kwenda kucheza. Wale watoto walimjua Nuhu kuliko wanavyomjua mwenyekiti wa mtaa! Na vijana, wakishapata kipaimara, hatuwaoni tena mpaka harusi.

Iliniuma kweli. Nikaenda kwa mchungaji nikamwambia tunahitaji mtaala wa miaka mitatu, wa kuanzia watoto wadogo mpaka vijana, ili kila mtu ajue tunatoka wapi na tunaelekea wapi. Mchungaji akafurahi sana. Akasema, "Kaa na walimu wenzako, kaa na wazazi, chukueni miezi mitatu minne."

Miezi mitatu minne! Mimi niliumaliza kwa siku tano. Peke yangu. Nikauandika kwenye karatasi za manila kwa kalamu za rangi nne, nikazibandika ukuta mzima. Kila Jumapili ilikuwa na somo lake, na masomo yalifuatana kama tamthilia. Kila somo lilikatikia pale penye utamu, ili mtoto atamani kurudi wiki ijayo. Niliona nimebuni kitu!

Mwalimu Eliza, aliyefundisha hapa tangu mimi mwenyewe nikiwa mtoto wa darasa lake, akaja akasimama mbele ya ukuta. Akasoma kimya, mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu. Unauonaje?"

"Marahaba. Rangi nzuri. Hivi mwezi wa nne na wa tano ndiyo umejaza masomo mazito hivi? Watoto watakuwa wapi?"

"Si watakuwa hapa kanisani, mwalimu."

Akaniangalia, akacheka kidogo. "Haya, waziri wa elimu." Akaondoka zake.

Mimi nikaona ni wivu. Niliandika humu humu kwenye daftari: "Eliza kashazoea Nuhu wake." Mungu anisamehe.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo palipo na shida yenyewe. Kwenye darasa langu kuna mtoto anaitwa Siwema. Wakati ule alikuwa na miaka sita, hajaanza hata darasa la kwanza. Mama yake alifariki, akaletwa kwa bibi yake, Bibi Paulina, ambaye ndiye aliyeanza kumleta kanisani. Ni mtoto mgeni kabisa kwa mambo ya Biblia. Kila hadithi kwake ilikuwa mpya.

Jumapili ya Matawi, mtaala wangu ulisema: kifo cha Yesu. Jumapili ya Pasaka: kufufuka. Nikasimulia, na kwa kweli nilisimulia vizuri. Msalaba, giza, jiwe kubwa likavingirishwa kwenye mlango wa kaburi. Hapo nikafunga Biblia, paa! "Mwendelezo wiki ijayo!" Watoto wakapiga kelele, "Aaaa, Dada Upendo!" Nikajisikia raha.

Tulipokuwa tunatoka, Siwema akanivuta sketi. "Dada, sasa yeye hakurudi?"

Kumbukeni mtoto huyu kazika mama. Swali lile lilihitaji neno moja tu. Alirudi! Basi. Lakini nilikuwa na haraka ya kukunja mikeka, na pia sikutaka kuharibu mpango wangu. Nikamwambia, "Wewe njoo Jumapili ijayo, utajua."

Jumapili ijayo hakuja. Nusu ya darasa haikuja. Na nusu hiyo haikuja mwezi ule wote.

Mnajua walikuwa wapi? Kila mtu hapa anajua isipokuwa mimi niliyeandika mtaala! Walikuwa shamba wanaamia ndege. Mpunga ukianza kutoa punje, wazazi wenye mashamba kule Mlali wanahamia huko, na watoto wanaosoma wanawafuata Jumamosi na Jumapili kufukuza ndege. Imekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo. Lakini sisi hatuna shamba la mpunga, na sikumuuliza mtu yeyote. Nilikaa mbele ya mikeka mitupu nikawakasirikia watoto. Nikaandika barua ya kuacha kazi ya ualimu. Nikaificha humu kwenye daftari, sikuipeleka.

Wiki kadhaa baadaye Bibi Paulina alishuka mjini kununua chumvi na dawa, akapita kwenye meza ya mama yangu pale nje ya nyumba, akanikuta.

"Shikamoo, bibi. Siwema hajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Mwili mzima. Ila sala hataki tena. Nikimwambia tusali, ananijibu, 'Bibi, hata huyo mwenyewe alikufa wakamfungia.' Nyie kule mlimfundisha nini?"

Ndugu zangu! Mimi ndiye niliyemfundisha. Mimi ndiye niliyemwacha mtoto yatima mbele ya kaburi lililofungwa, wiki tano nzima, ili somo langu liwe tamu.

Nilirudi ndani nikafungua daftari nikasoma nilichoandika siku ile ya Matawi: "Leo nimewaweza." Nililia mpaka mama akaja kuniuliza nani amekufa. Nikapiga magoti pale pale kwenye magunia ya viazi. Sikuwa na sala ndefu. Nilisema, "Bwana, nitoe kwenye haraka hii kabla sijamuumiza mwingine. Na yule mtoto usimwache." Nikainuka. Barua ya kuacha nikaichana.

Jumamosi nikaenda Mlali na Bibi Paulina. Tulishuka barabarani, tukatembea kwenye matuta ya majaruba ya mpunga mpaka kwenye dungu lao, kile kijukwaa cha miti cha kulindia ndege. Siwema alikuwa juu, ana debe na kijiti.

"Siwema, shuka nikusimulie kitu."

"Siwezi, dada. Ndege watakula."

Basi nikapanda mimi. Ngazi inacheza, sketi inanasa, bibi chini anasema, "Taratibu, mwalimu, hilo dungu limejengwa kwa uzito wa mtoto!" Nikakaa. Nikaanza.

"Siku ya tatu, asubuhi na mapema, wale wanawake wakaenda kaburini. Walipofika wakaona lile jiwe..."

"Subiri!" Akasimama, akagonga debe. "Hoooi! Hoooi!" Kundi likaruka. Akakaa. "Haya."

"Wakaona lile jiwe..."

"Subiri! Wale tena!"

Ndugu zangu, alinikatisha mara nne. Mimi! Mimi nisiyeweza kungoja wali! Na kila mara nilikuwa nimefika pale pale, kwenye jiwe. Nikaelewa sasa inavyokuwa kuachwa hapo. Lakini moyo wangu ulikuwa umetulia ajabu. Nilingoja. Sikukasirika hata kidogo. Hapo nilijua Mungu amekwisha kunifungua.

Mara ya tano nikamaliza. "Jiwe limevingirishwa. Kaburi liko wazi. Hayumo. Yuko hai."

Siwema akaacha kijiti. "Kumbe hakubaki mle?"

"Hakubaki."

"Mbona siku ile nilikuuliza hukuniambia?"

"Nilikosea, Siwema. Nisamehe."

Akafikiria. Kisha taratibu, "Na mama?"

Sikuwa na somo la hilo kwenye manila. Nikamwambia ninachoamini: "Mama yako bado amelala. Lakini huyu aliyetoka kaburini anamjua kwa jina, na siku moja atamwita." Akaniegemea begani. Ndege walikula kidogo siku ile, na Bibi Paulina hakugomba.

Halafu ghafla Siwema akasimama akawapigia kelele watoto wa dungu la jirani: "Nyieee! Katoka! Hakubaki kule!"

"Nani?"

"Yesu!"

"Aa, sisi tulishajua zamani! Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa huku naamia ndege!"

Jibu lile lilinichoma kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia.

Niliporudi nilibandua manila zote. Nikaenda kwa Mwalimu Eliza nikamwomba msamaha. Akasema, "Kaa chini, waziri, tuanze." Safari hii tulichukua miezi saba. Tulikaa na wazazi mmoja mmoja, na kabla ya kuandika somo lolote tuliwauliza: mtoto wako mwezi huu anakuwa wapi? Ndiyo maana mtaala mnaouona pale ukutani leo unafuata mpunga. Masomo yanayohitaji watoto wote tumeyaweka baada ya mavuno. Msimu wa ndege vijana wetu wanakwenda Mlali kila Jumamosi, wanapanda madungu na kufundisha huko huko. Wale wale tuliodhani wamepotea! Walikuwa wanangoja wapewe kazi. Na kila somo, la mtoto mdogo hadi la kijana, linaishia kwenye habari njema siku hiyo hiyo, maana hatujui nani atakuwepo Jumapili ijayo.

Mwaka huu Jumapili ya Matawi nilifundisha tena. Nilipofika kwenye jiwe, nikavuta pumzi, na kabla sijasema neno Siwema akaruka kutoka kwenye mkeka: "Msiogope! Katoka!" Aliniharibia somo lote. Nilimshukuru Mungu mbele ya watoto.

Ndugu yangu, kama umekaa hapa leo na wewe uliachwa mahali hapo, ulizika mtu wako na hakuna aliyekumalizia habari, usisubiri wiki ijayo. Mwamini leo. Nimekuja kukumalizia: jiwe limeondoka, yuko hai, na jina lako analijua.

Asanteni kwa kunisikiliza. Na wenye mashamba Mlali, Jumamosi tunakuja. Tutengenezeeni ngazi.