Kikundi cha Kinyozi Chaomba Ruzuku

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi. Mguu wake mmoja umevunjika, umeegeshwa kwa tofali, na anayekaa upande huo haruhusiwi kucheka sana. Mimi hukaa katikati, maana kichwa kama changu hakiwekwi pembeni. Shule niliiacha darasa la sita, nadhani mpaka leo inanikumbuka. Jioni hiyo tulikuwa wanne, kikundi kizima cha maigizo: Kinyozi, aliyekianzisha miaka kumi na moja iliyopita, Fundi Saa, Pampu, anayeziba matairi ya baiskeli, na mimi. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku kwa vikundi vya sanaa visivyogawana faida, tena na msamaha wa ushuru juu yake. Fomu ilikuwa mapajani mwa Kinyozi. Jumamosi maofisa wangekuja kututazama tukiigiza. Tukiwaboa, chumba cha nyuma tunachofanyia mazoezi kinachukuliwa na muuza saruji mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba alishasema, na huyo mzee hasemi mara mbili.

Fundi Saa alikuwa ameng'ang'ania huo msamaha tangu asubuhi.

— Mimi nahamishia meza yangu jukwaani. Nikitengeneza saa mbele ya watu, hilo si igizo? Basi ushuru sidaiwi.

— Na mteja akifuata saa yake, utamwambia asubiri pazia lifungwe? nikamuuliza.

Pampu akasonya.

— Wewe una mambo madogo, Fundi. Mimi naisajili nyumba yangu yote. Tangu nioe haijaingiza faida hata siku moja, na mke wangu akianza kusema, mtaa mzima unakuja kutazama.

Nikaona wananichelewesha. Nikawaeleza kwamba dawa ni kuusajili mtaa wote uwe kikundi kimoja, kuanzia bucha mpaka mashine ya kusaga, halafu kila anayetaka kusamehewa apitie kwangu. Nilikuwa nimeshafika mahali pa kuchagua rangi ya ofisi yangu Kinyozi aliponikatiza.

— Jamani, sikilizeni. Msamaha ni wa ngoma na taa za kikundi, si wa mfuko wa mtu. Atakayeleta ujanja hapa atatuzika wote.

Tukanywea, kila mtu akaangalia kikombe chake cha kahawa.

Ukweli ni kwamba fomu ilikuwa imetukalia wiki tatu, ikala jioni zilezile tulizokuwa tukifanya mazoezi. Tulikuwa tunagawana vyeo. Kinyozi mwenyekiti, Fundi Saa makamu, Pampu katibu kwa sababu ana kalamu. Mimi nilipata ushauri mkuu wa kodi na mambo ya nje. Cheo hicho hakikuwemo kwenye fomu, ikabidi nikichoree mstari wangu kwa rula.

Ndipo akaja fundi cherehani aliyehamia chumba cha ng'ambo ya barabara wiki iliyopita. Kinyozi alikuwa amemwomba atushonee mavazi ya Jumamosi. Alikuwa na utepe shingoni na daftari mkononi.

— Shikamooni.

Niliitikia marahaba kwa sauti nene kuliko wote, ingawa dada huyo ananipita miaka mitano.

— Nimekuja kuchukua vipimo. Waigizaji ni wepi?

Pampu akamwelewesha kwamba yeye ni katibu, atakuwa mlangoni akiandikisha wageni. Fundi Saa akasema makamu hukaa na maofisa, ni heshima. Kinyozi, kwa sauti ya chini, akasema ana hotuba. Mimi nilimfahamisha kwamba mshauri hufanyia kazi nyuma ya pazia. Dada aliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta. Mwishowe akatutazama mmoja mmoja.

— Sawa. Sasa nimpime nani?

Pampu alijikuna kisogo kwa kalamu yake ya ukatibu.

Kinyozi akaikunja fomu, akavua aproni, akaenda kufungua chumba cha nyuma. Tulimsikia akiburuta viti kuvisogeza ukutani. Akachungulia mlangoni.

— Mpaka Ijumaa hapa hakuna mwenyekiti wala makamu. Ingieni tufanye kazi.

Fundi Saa akaingia. Pampu akafuata akikunja mikono ya shati. Mimi nikasimama mbele ya dada, nikatanua mabega, nikamwambia kifua akiandike kwa herufi kubwa, ndicho watakachokuja kukitazama.

Akazungusha utepe, akaniambia nitoe pumzi kwanza.